Gunia Hamsini kwa Siku: Hesabu ya Vita Upande wa Jikoni

Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki iliigharimu Uingereza takriban paundi milioni 70. Ilianza 8 Agosti 1914, manowari Astraea ilipoipiga mizinga Dar es Salaam, ikaisha 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Vikosi, meli, mizinga na vyeo vya maofisa vyote vimeandikwa vitabuni. Tumizi moja halikupata mstari wake, nalo ndilo lililoliwezesha jeshi kusogea: unga, na mikono iliyoutoa.

Makala hii inapiga hesabu ya tumizi hilo. Tutasimama Fukayosi, wilayani Bagamoyo, kati ya mito ya Ruvu na Wami, kwenye barabara inayotoka Bagamoyo kupitia Makurunge kwenda Kiwangwa na Msata. Ni nchi ya muhogo, mahindi na mtama, na iko mlangoni mwa pwani ambayo majeshi yaliipita. Baadhi ya namba zitakazotumika ni za kumbukumbu za vita. Nyingine ni makadirio ya mwandishi, na kila penye kadirio patasemwa.

Mnyama alipokufa, mtu alibeba

Kilichoifanya vita hii iwe ya unga ni mbung'o. Jeshi la Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, liliingia mwaka 1916 likitegemea wanyama. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka huo lilipoteza farasi 10,000, baghala 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Malori yalizama matopeni mvua ilipoanza. Baada ya hapo mzigo wote, kuanzia kasha la risasi mpaka kilo ya chumvi, ulipanda kwenye kichwa cha binadamu.

Waingereza na washirika wao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika muda wote wa vita, wengi wao kwa nguvu. Wajerumani nao walikusanya wa kwao kutoka vijijini, wanaume kwanza, na wanaume walipoadimika wakachukuliwa wanawake na watoto. Kumbukumbu rasmi za upande wa Waingereza zinataja vifo vya wapagazi takriban 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni zaidi. Wachache waliuawa na risasi. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Bagamoyo iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 15 Agosti 1916, baada ya Tanga na Saadani. Morogoro ilifuata tarehe 26 mwezi huohuo, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Kwa mkulima wa Fukayosi tarehe hizo zilikuwa na maana ya pili: ni majira ya kufyeka na kuchoma mashamba kabla ya vuli. Mwanamume aliyekamatwa Agosti aliacha pori lake limesimama.

Kilo moja mdomoni, kilo 25 kichwani

Chukua mpagazi mmoja. Mzigo wake tuuweke kilo 25, na posho yake ya siku kilo 1 ya unga, namba zinazokaribia kanuni za wakati ule. Mpeleke mahali pa mwendo wa siku 10 kutoka ghalani. Akienda anakula kilo 10, akirudi anakula kilo 10 nyingine. Katika kilo 25 alizotoka nazo, zinazomfikia askari ni 5.

Sasa weka askari 1,000 mwisho wa njia hiyo, kila mmoja akila kilo 1 kwa siku. Wanahitaji kilo 1,000 kila siku. Kwa kuwa kila mpagazi anafikisha kilo 5, inabidi wapagazi 200 waondoke ghalani kila asubuhi. Safari ya kwenda na kurudi ni siku 20, kwa hiyo wakati wowote wapo 4,000 njiani. Hao ni wa unga peke yake. Risasi, mahema, dawa na mizigo ya maofisa vina vichwa vyake.

Wapagazi 200 wakibeba kilo 25 kila mmoja ni kilo 5,000 kwa siku. Hizo ni gunia 50 za kilo 100, na kati yake gunia 40 zinaliwa na waliozibeba.

Unga haulimwi ukiwa unga. Mahindi yakikobolewa na kupepetwa hupungua. Tuseme moja ya tano inakwenda na pumba. Gunia 50 za unga zinadai gunia 62 na nusu za nafaka. Ekari ya jembe la mkono tuikadirie kilo 300 katika msimu wa kawaida. Jibu ni ekari 21 za mavuno kwa siku moja. Kama kaya inalima ekari 3, jeshi dogo la watu 1,000 lililo mbali na ghala linakula mavuno ya mwaka mzima ya kaya 7 kila jua likichwa. Kwa mwezi ni kaya 210.

Na majeshi yenyewe yalikuwa makubwa kuliko mfano wetu. Mwaka 1918 kikosi cha King's African Rifles peke yake kilikuwa na watu karibu 35,000.

Saa za kinuni

Sasa tuje kinuni, ambako hesabu za jeshi hazikufika.

Mahindi makavu hayaingii kinuni yakatoka unga. Yanalowanishwa kidogo, yanatwangwa kwa mchi ili ganda liachie, yanapepetwa kwenye ungo mpaka pumba iruke. Kisha yanalowekwa, kwingine siku moja, kwingine siku mbili, yanaoshwa, yanachujwa maji, yanarudishwa kinuni. Yanatwangwa tena, yanachekechwa, chenga zinarudi kinuni mara ya tatu. Unga unaopatikana ni mbichi: unaanikwa juani, la sivyo ndani ya siku chache unavunda. Kazi hii hufanywa na wanawake wawili au watatu wakipokezana michi, na mvua ikinyesha inakwama katika hatua ya kuanika.

Tumpe mwanamke hodari kilo 2 za unga kwa saa, tukijua kwamba kadirio hili ni la ukarimu kwa sababu halihesabu maji aliyoyachota wala saa za kuanika. Kilo 5,000 zinahitaji saa 2,500. Akitwanga saa 6 kwa siku, wanatakiwa wanawake zaidi ya 400, kila siku, kwa ajili ya askari 1,000. Kabla hajalitwangia jeshi, kila mmoja wao ana watoto wake wa kuwatwangia.

Haki itendeke kwenye hesabu: sehemu ya unga wa Waingereza ilisagwa kwa mashine na kuletwa kwa meli na reli, hivyo namba hiyo ni kiwango cha juu kwa upande wao. Lakini kadiri vikosi vilivyoingia bara ndivyo vilivyokula nafaka ya mahali pale pale, na Wajerumani, walipopoteza bandari na Reli ya Kati mwaka 1916, hawakuwa na ghala jingine isipokuwa mashamba ya watu. Tunajua pia matokeo ya kukosa saa za kinuni. Wapagazi waliopewa nafaka nzima au unga wa chenga, bila sufuria za kutosha wala muda wa kupika, waliugua matumbo na kufa kwa maelfu. Wafu wengi kati ya 95,000 waliuawa na chakula ambacho hakuna aliyekiandaa.

Kaya moja ya Fukayosi

Tuishushe hesabu kwenye ua mmoja. Mume, mke, watoto watatu. Kwa wastani kila mmoja anakula nusu kilo ya nafaka kwa siku, kaya nzima kilo 2.5, kwa mwaka kilo 912. Ekari 3 zinatoa 900. Wanafika mwisho wa mwaka kwa kubanana, muhogo na mboga za majani vikiziba pengo.

Mume anachukuliwa. Mlaji mmoja amepungua, kwa hiyo matumizi yanashuka hadi kilo 2 kwa siku, yaani 730 kwa mwaka. Lakini aliyekuwa akifyeka na kukata miti ameondoka. Mke peke yake, akiwa na mtoto mgongoni, anamudu ekari 2: kilo 600. Akivuna mwishoni mwa Juni, chakula kinamfikisha Aprili 26. Anabakiwa na siku 65 za kujitafutia.

Kisha wanapita wakusanyaji wa jeshi, wanabeba gunia mbili. Kila gunia ni siku 50 za kaya hii. Zinabaki kilo 400, nazo zinaisha Januari 16.

Hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko namba yenyewe. Njaa ya Mei inampata mtu akiwa amekwisha kupanda na kupalilia. Anavumilia huku mahindi yakibeba. Njaa ya Januari inampata kabla ya masika, mwezi Machi inamkuta na jembe mkononi na tumbo tupu, na mbegu ndani ya kibuyu inamwangalia. Akiila mbegu, ekari 2 zinakuwa 1. Gunia mbili za mwaka wa kwanza zinakuwa njaa ya mwaka wa pili, hata kama hakuna askari aliyerudi.

Muhogo ndio uliookoa wengi pwani, na sababu ni ya kihesabu pia. Muhogo mbichi ukishang'olewa huharibika ndani ya siku mbili tatu. Jeshi linalopita linaweza kung'oa la kula siku ile, lakini haliwezi kujaza magunia ya mwezi. Makopa yanabebeka, ila kuyamenya na kuyakausha kunataka siku kadhaa za jua. Chakula kilichobaki ardhini hakikuonekana ghalani, na mwanamke alikichimba kidogo kidogo, shina kwa shina.

Ugogo, ambako hesabu ilifika mwisho wake

Pwani ilikuwa na muhogo, samaki na mvua mbili. Dodoma haikuwa na lolote kati ya hivyo. Majeshi yote mawili yalijilisha huko: Wajerumani walichukua ng'ombe wapatao 26,000, Waingereza wakaja baadaye kwa ng'ombe zaidi, nafaka zaidi, na wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua takriban watu 30,000 kati ya 150,000. Ni mmoja kati ya watano.

Homa ya mafua ya 1918–19 ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Makadirio kwa Tanganyika ni vifo kati ya 50,000 na 80,000. Ugonjwa ule uliwachagua watu wazima wenye nguvu, na wajawazito walikuwa katika hatari kubwa kuliko wote. Kwa kaya ambayo baba alikuwa hajarudi, mama akianguka hapakuwa na wa kushika mchi.

Ukijumlisha njaa na maradhi, makadirio yanayotajwa mara nyingi ya raia waliokufa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa sababu ya vita yanafikia 300,000, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 7.5. Ni kama mmoja kati ya 25.

Waliotembea na jeshi

Si wanawake wote waliokutana na vita nyumbani. Askari wa Kijerumani, ambao mwaka 1914 walikuwa karibu 2,500 na baadaye wakazidi 11,000, waliishi kambini na wake zao na watoto. Jeshi lilipoanza kurudi nyuma, familia hizo zilitembea nalo, kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, kurudi Tanganyika mwaka uliofuata, mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Wake hao ndio waliokuwa jiko la jeshi: kuni, maji, kutwanga, kupika, kubeba vyombo. Wengine walikuwa mateka, waliochukuliwa vijijini na kugawiwa. Wapo waliojifungua njiani, na kesho yake msafara ukaondoka.

Ofisa Mjerumani alijua idadi ya risasi zake mpaka ya mwisho. Posho ya mwanamke aliyempikia askari haikuwa na fungu lake. Alikula kutokana na alichokibeba au alichokichuma.

Ujira uliobaki London

Mwaka 1915 ujira wa mpagazi wa upande wa Kenya uliteremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Kodi ya nyumba katika koloni la Wajerumani ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mwezi mmoja wa kubeba ungelipa kodi ya mwaka na chenji ikabaki, kama mtu angerudi.

Wengi hawakurudi, na ujira wao haukuwa na mdai. Majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikutajwa, na mjane wa bara hakujua afungue mlango upi. Utawala wa Kenya uliomba baadaye fedha hizo zitumike kwa faida ya Waafrika, lakini London ilikataa. Kwenye vitabu vya hazina, kifo cha mpagazi asiye na mdai kilikuwa akiba.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawashukuru kwa maandishi askari pamoja na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Waliolijaza tumbo la jeshi hilo hawamo.

Miaka sitini baadaye: vita dukani

Vita ya pili tunayoweza kuipigia hesabu haikufika Fukayosi kwa miguu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera 30 Oktoba 1978, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Katika eneo la karibu kilomita za mraba 1,800 walilolikalia, raia wapatao 1,500 waliuawa na ng'ombe kama 12,000 wakaswagwa kwenda Uganda. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, vita ikaisha Juni. Wanajeshi wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na kati yao 96 ndio waliouawa vitani.

Gharama inayotajwa ni dola milioni 500. Sensa ya 1978 ilihesabu Watanzania milioni 17.5. Dola ikiwa karibu shilingi 8, ni shilingi bilioni 4, yaani kama shilingi 229 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Kaya ya watu watano ilibeba zaidi ya shilingi 1,140. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuzidai. Zilidaiwa dukani.

Tuwe wakweli: vita haikuwa sababu pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei ya mafuta ikaruka 1979, ukame ukafuata. Operesheni Maduka ya 1976 ilikuwa imeshafunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini. Lakini fedha za kigeni zilizokwenda kwenye silaha ndizo zilizokosekana kwenye malighafi ya viwanda, na Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wajiandae kwa miezi 18 ya kujibana. Miezi 18 ikageuka miaka.

Sabuni ilipokosekana, wanawake walifua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuja kwa mgao. Mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa, na khanga mpya ikawa ya kubahatisha. Baadaye ukaja unga wa njano kutoka nje, ule watu waliouita yanga, na ilikuwa lazima uupangie foleni.

Hesabu ya foleni ni rahisi. Mwanamke aliyetumia nusu siku kwa wiki kufuata bidhaa, kwenda, kusimama, mara nyingine kurudi mikono mitupu, alipoteza siku 26 kwa mwaka. Ni kama mwezi mzima wa kazi, ukiondoa siku za mapumziko. Kwa mkulima wa jembe la mkono huo ni muda wa palizi, na magugu hayasubiri lori la duka la ushirika.

Mstari uliokosekana

Ukiziweka vita hizi mbili pamoja, moja iliyopita shambani na moja iliyopita dukani, malipo yanafanana. Serikali hulipa kwa fedha, na fedha huandikwa. Kaya hulipa kwa siku: za kutwanga, za kulima peke yako, za foleni, za kuuguza. Siku hazina risiti, kwa hiyo anayeandika gharama ya vita anaziruka, kisha anashangaa njaa imetoka wapi mwaka wa pili. Jibu lilikuwa kwenye gunia mbili na ekari moja iliyobaki pori.

Wanawake wa 1916 hawapo tena kuulizwa, ndiyo maana imebidi tukadirie kwa kilo na ekari. Wa 1979 wapo. Aliyekuwa na miaka 25 Kampala ilipoanguka sasa amevuka 70, na vijijini kati ya Makurunge na Kiwangwa wanawake wa umri huo hawajaisha. Maswali ya kuwapelekea ni mepesi na yana majibu ya namba: ulilima ekari ngapi mwaka ule na ngapi mwaka kabla yake? Duka lilikuwa mbali kiasi gani, na ulikwenda mara ngapi kwa mwezi? Sabuni ilikaa wiki ngapi bila kuonekana? Nani aliondoka kwenda mgambo, na nani alishika jembe lake? Mwalimu wa shule ya kata na wanafunzi wake, wakiwa na madaftari, wanaweza kuikusanya hesabu hii katika likizo moja, na Tanzania ikapata mstari ambao Waingereza na Wajerumani hawakuwahi kuuandika.